Mama Berthe, Namba Zako Hazikukosea

Mama Berthe mpendwa,

Wewe uko Musumba sasa kwa dada yako, na mimi bado niko Kolwezi natengeneza kompyuta za watafiti. Haya ningeweza kukuandikia wewe peke yako. Lakini uliaibishwa mbele ya watu, basi na mimi niseme mbele ya watu.

Unakumbuka kompyuta yako iliyofutika herufi kwenye vitufe? Miaka miwili ulizunguka visima vya mtaa wetu na chupa zako ukipima madini kwenye maji, kisha unaingiza namba moja moja kwa kidole kimoja. Programu yako ya takwimu ilikuwa kuukuu, na mimi ilinikera hata kuiona. Nikasema nikuwekee mpya. Ukakataa: "Acha, mutoto wangu. Hii mi na yeye tulisha kuzoeana."

Ulipokwenda kanisani nikaiweka. Nilijiona mjuzi kweli! Maelezo yalikuwa ya Kiingereza, nikabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo bila kusoma.

Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunaandika tatu na nusu kwa mkato: 3,5. Programu mpya ilitaka nukta. Ilipokuta mkato iliufuta tu, na 3,5 ikawa 35. Siku ya kamati ya utafiti wa maji ukasimama na michoro niliyokuchapia asubuhi ile, profesa mmoja akauliza, "Mama, haya ni mayi ao ni mukuba?" Ukumbi mzima ukacheka, kana kwamba umepima shaba tupu. Ukanigeukia.

"Mutoto wangu, hii manamba si yangu. Uligusa nini?"

"Mi sikugusa kitu, Mama."

Nilisema hivyo nikikutazama machoni. Jumatatu iliyofuata nikafungua jedwali, nikaona mikato imepotea, nikalifunga tena bila kumwambia mtu. Kamati ikasema kwa umri wako mashine imekushinda, utafiti wako ukatiwa kabatini, ukafunga mizigo. Wanawake wakaendelea kuteka maji palepale. Mke wangu pia.

Nina haya, Mama. Mtu akikutaja kwa wema, uso unaniwaka, natafuta pa kwenda.

Wiki iliyopita nilirudisha mikato yote na kupiga hesabu upya. Yametoka yaleyale uliyosema: kisima cha karibu na shule hakifai kunywa. Nikapeleka karatasi kwa kamati na kukiri kwa mdomo wangu. Waliniuliza kwa nini nimesubiri hadi leo, nikasema ni aibu ilinizuia.

Leo asubuhi wamekifunga. Mama mmoja alifika na ndoo yake, akatukuta pale.

"Juu ya nini hamukusema zamani?"

"Mama Berthe alisema," nikamjibu. "Ni mi nilimufunga kinywa."

Alinitazama, akachukua ndoo yake, akaondoka bila kuniaga.

Ukae salama, Mama. Usiponijibu, nitaelewa.

Mtoto wako wa ofisini,
yule aliyegusa.