Kampuni Isiyo na Mlango wa Kubisha

Jumanne. Baridi ya asubuhi imeushika mji mzima, na vumbi limetua hata juu ya majani ya mihogo uani. Moyo wangu hauna utulivu.

Ngoie, binti wa marehemu dada yangu, amefungiwa kazi yake. Sijui namna nyingine ya kuliandika jambo hili.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Mama anayeuza sokoni Katuba hupewa karatasi ya Kifaransa shuleni au hospitalini, naye hawezi kuisoma. Huipiga picha kwa simu, humtumia Ngoie, na baada ya muda mfupi hurudishiwa sauti ya mwanamke inayomweleza yote kwa Kiswahili cha hapa Lubumbashi. Anayeisoma ile karatasi ni akili ya mashine. Mashine si ya Ngoie. Huikodi kwa kampuni ya ng'ambo, na juu yake amejenga kilicho chake: ile sauti, maneno yetu, uvumilivu wa kueleza mara ya pili bila kukaripia. Kwa ajili ya hayo aliacha kazi nzuri ya ofisini mgodini.

Leo ameamka na kukuta ujumbe: huduma imesitishwa kwa nchi yetu. Sentensi moja, bila sababu.

Alikuja kwangu akiwa bado na kitambaa cha kulalia kichwani. Nikafanya linalompasa mjomba. Kwetu, mtoto wa dada akikosana na mwenye nyumba au na mkuu wake wa kazi, hasimami peke yake. Mjomba huvaa vizuri, huenda kuketi uani kwa yule mwenye nguvu, hukubali kungojeshwa, kisha huomba. Nimewaombea wengi hivyo. Nikavaa koti, nikapiga viatu rangi, nikamwambia twende.

"Twende wapi, Mujomba?"

"Kwa hao waliofunga. Ofisi yao iko wapi?"

"Haina biro, haina mulango ya kuingia. Miye minaandika, mashini yabo ndiyo inanijibu. Inaniambia pole."

"Basi twende kwa mkubwa wa hiyo mashine."

"Mujomba, vua tu koti."

Sikulivua. Nimeshinda nalo mchana kutwa, kama mgeni katika nyumba yangu mwenyewe.

Watu hawakujua kwamba kumefungwa. Picha ziliendelea kuingia. Mama mmoja wa Ruashi alituma karatasi ya hospitali: mtoto wake anapasuliwa kesho. Nilichukua simu nikamsomea mimi, kwa Kiswahili sanifu, neno baada ya neno. Jibu lake lilikuja upesi.

"Baba, unasema sawa padri ku misa! Ule mama wa mashini iko wapi? Ule alikuwa anasema kama shiye bamama ba ku soko."

Ngoie alicheka, mara ya kwanza leo. Kisha akashika simu: "Mama, mutoto asikule kintu kesho asubui. Hata mayi ya kunywa, hapana." Mama akaelewa papo hapo.

Mimi nimefundisha lugha hii maisha yangu yote. Kiswahili cha Ngoie ningekichora kwa wino mwekundu kutoka juu hadi chini. Lakini kwa usomaji wangu mtoto yule angekunywa chai akiwa njiani kwenda kupasuliwa, na mimi ningekuwa nimesema kila kitu sawasawa.

Ngoie aliendelea kuwajibu kwa koo lake mwenyewe. Kufikia alasiri sauti ilikuwa imemkauka, na picha zilikuwa bado zinaingia.

Jioni alipata kampuni nyingine, ya ng'ambo vilevile. Imemkubali. Itambidi aifundishe mashine yao upya, neno kwa neno, kazi ya miezi mingi. Akanisikilizisha jaribio lake la kwanza. Mashine ilianza kwa "Shikamoo."

Hapa hakuna anayeamkia hivyo. Ni sahihi kabisa, na nilichukia kuisikia.

"Na hii nayo ikifunga, Mujomba?"

Akaenda kuchemsha maji.

Nimezeeka nikiamini kwamba kila mwenye nguvu ana ua, na kila ua una mahali pa kuketi na kungoja. Sasa mtoto wa dada yangu nikamwombee kwa nani?