Damu Yako Niliyoipima Mwenyewe

Kaka yangu,

Shikamoo. Sijui kama barua hii itakufikia huko Kongo, ng'ambo ya ziwa, kwa hiyo naiandika wazi, asomaye na asome.

Unakumbuka ulivyonifundisha kuogelea pale Ujiji? Ulinisukuma majini, ukaruka kunifuata kabla sijameza hata funda moja. "Piga miguu, nipo nyuma yako." Ndivyo ulivyonilea tangu baba afariki, mpaka nikavaa koti jeupe la maabara ya hospitali.

Kisha lori la kijiji chetu cha ujamaa likapinduka njia ya Mwandiga, wewe ukiwa kwenye usukani. Hakufa mtu, ila polisi walinusa pombe ya ndizi, wakakuleta upimwe. Mpimaji nilikuwa mimi peke yangu. Ulikunja mkono wa shati ukasema, "Pima tu, mdogo wangu. Nimeonja, sikulewa."

Kazi ile ni ya kulinganisha. Kilevi cha damuni hugeuza dawa ya njano kuwa kijani, nasi huweka kando yake spiriti ya chupa ambayo nguvu yake inajulikana. Chupa ikiongopa, na damu itaongopa. Kizibo cha chupa yangu kilikuwa kimelegea, na spiriti isiyozibwa vyema hupotea hewani. Nilikiona, kaka. Nilipaswa kufungua chupa mpya nipime upya, lakini polisi walikuwa wamesimama mlangoni, nikaogopa watasema namwokoa ndugu yangu. Nikatia sahihi.

Ulifungwa, ukanyang'anywa leseni. Ulipotoka ukavuka ziwa bila kuniaga.

Wiki moja baada ya hukumu nilifungua chupa mpya, nikailinganisha na ile ya zamani. Ile ya zamani ilikuwa imepoteza karibu nusu ya nguvu yake kwa joto, ndiyo maana damu yako, ikiwekwa kando ya spiriti hiyo dhaifu, ilionekana kali. Nikanyamaza. Mjini watu walinisifu, "Yule hampendelei hata ndugu yake," nami nikazipokea sifa hizo kwa mikono miwili.

Siku hizi naishi peke yangu Kasingirima. Bado nanunua migebuka miwili, wale samaki wa ziwani, na mmoja hulala sufuriani mpaka asubuhi. Sina wa kumtania wala wa kunigombeza. Nimekukosa, kaka, kuliko ninavyoweza kuandika.

Jana nilimpelekea hakimu maelezo yangu yote. Kazi itaniponyoka, na iponyoke. Sikuombi urudi. Naomba tu, yeyote akikuita mlevi, mtajie jina langu.

Mdogo wako,
aliyekupima.