Dereva Yeyote

Jumatatu, 3 Juni 1996

Insha za Kidato cha Pili, thelathini na nane. Nimesahihisha kumi na moja nikachoka. Wote wanaandika "gari yetu". Nimezungushia kalamu nyekundu mpaka kidole kikauma.

Nilipotoka shuleni gari lilikataa kuwaka. Walimu wawili na mpishi wakasukuma. Nikapitia posta, nikakuta barua ya bima. Bima yangu inaisha tarehe thelathini mwezi huu, na ya mwaka ujao imepanda karibu theluthi. Hawasemi kwa nini. Sentensi mbili na sahihi isiyosomeka.

Nimekasirika hadi nimeunguza ugali.

Siwezi kulipa hizo pesa na karo ya Atieno kwa mwezi mmoja. Binti yangu hawezi kukaa nyumbani kwa sababu ya gari. Na gari bila bima litakaa uani kama kuku anayeatamia. Nani atampeleka mama mkwe hospitali? Kila baada ya Alhamisi moja namchukua kwake Rangwe, namleta hapa Homa Bay kuoshwa kidonda cha mguu. Ana sukari. Mguu ule haupandi matatu.

Nililinunua gari hili kwa mshahara wangu, mwaka mmoja baada ya kumzika mume wangu. Sitaki kuliuza.

Jumatano, 5 Juni

Chumba cha walimu kimegeuka baraza la bima. Mwalimu wa fizikia ndiye bingwa.

"Madam, unasumbuka bure. Kuna jamaa hapo stage, anakutolea sticker leo leo, nusu bei. Karao hawezi jua."

Nikamwambia sitaki stika ya kughushi, hata kama polisi hataijua. Akaniita mlokole. Mimi si mlokole, hata kanisani nasinzia. Lakini namjua mama mmoja wa Rangwe aliyegongwa na pikapu yenye stika kama hiyo. Hakupata hata senti ya dawa. Siku hizi anauza ndizi akiwa ameketi, mguu mmoja umenyooka mbele. Watu wa bima siwapendi. Lakini nikimgonga mtu nataka alipwe.

Mwalimu wa jiografia aliuliza swali moja tu. Kama nimewahi kuusoma mkataba wangu. Sijawahi. Mwalimu wa lugha mzima, miaka mitatu natia sahihi kitu ambacho sijasoma. Aibu.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeusoma. Kurasa tisa za Kiingereza cha mawakili, kamusi mbili, chai tatu. Mengi ni maneno ya kujikinga. Vita sitaki, maasi sitaki, tetemeko la ardhi silijui.

Ukurasa wa mwisho umepigwa taipu kwa ajili yangu. Mwenye gari: familia. Anayeendesha: dereva yeyote mwenye leseni aliyeruhusiwa na familia. Matumizi: watu na mizigo.

Familia? Dereva yeyote? Nani alisema hivyo?

Kesho Migori, kwa wakala wa bima.

Jumamosi, 8 Juni

Bwana Athmani ana duka la vitambaa karibu na soko la Migori. Meza ya bima iko nyuma, katikati ya majora ya kitenge. Ni mtu wa Lamu, ila amekaa huku mpaka anakula omena, dagaa wetu wa ziwani, bila kulalamika. Alilitoa faili langu, akapuliza vumbi.

"Mwalimu, mimi niliandika ulilosema. Nilikuuliza gari la nani, ukanambia letu. Nikakuuliza nani huliendesha, ukanambia sisi sote wa nyumbani. Hebu tazama, mwandiko wangu huu."

Nikakumbuka. Siku ile Odongo alikuwa ameketi kando yangu. Odongo ni kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, alinisindikiza. Mbele ya shemeji husemi "langu". Kwa Kijaluo neno hilo ni "mara", na ukilisema mbele ya watu unaonekana mchoyo. Unasema "marwa", letu, hata kikiwa kijiko. Nikaitafsiri adabu ile kwa Kiswahili sanifu kabisa, ngeli zote sawa. Bwana Athmani akaelewa kilichosemwa. Kampuni nayo ikahesabu ukoo mzima wa Rangwe kuwa madereva wangu, na mwaka huu bima za namna hiyo zimepandishwa bei.

Nilicheka hadi nikafuta machozi kwa kipande cha kitenge. Mwalimu wa Kiswahili kuponzwa na kimilikishi!

Kisha tukafanya kazi. Ningeweza kushuka hadi bima ndogo, ile ya kuwalipia wengine tu, lakini gari likiibwa nibaki na ufunguo mkononi. Hilo sikulitaka. Yapo mengine, yote halali. Niahidi kubeba mwenyewe sehemu ya kwanza ya hasara, maana mikwaruzo midogo huwa najilipia hata hivyo. Nilete barua ya kuonyesha kwamba miaka mitatu sijadai kitu, kuna punguzo lake ambalo hakuna aliyelidai. Nilete barua nyingine kwamba gari hulala kwenye uwanja wa nyumba za walimu, wenye mlinzi. Niseme ni la matumizi ya nyumbani, na iwe kweli.

Na kubwa kuliko yote, nitaje madereva kwa majina. Fomu ina nafasi mbili. Nikitaja jina moja, bei inashuka kuliko ilivyokuwa mwaka jana. Nikitaja mawili, inapanda kidogo lakini naiweza.

"Wakitajwa, wametajwa," akasema. "Asiyetajwa akilishika likapata ajali, kampuni itakugeukia wewe."

Nimerudi na fomu tupu. Furaha yangu iliishia njiani.

Jumanne, 11 Juni

Barua ya kutodai nimeiomba. Ya mlinzi mwalimu mkuu ameitia sahihi bila kuisoma, kama mimi wa zamani.

Yamebaki majina. Odongo ana ufunguo wa pili tangu gari liliponunuliwa. Siku za soko huja asubuhi kulichukua, hubeba magunia ya omena ya mkewe hadi Rangwe, na abiria wawili watatu juu yake. Ndiyo maana viti vinanuka. Hiyo si safari ya nyumbani. Hiyo ni biashara, na kwenye fomu sitaandika uongo.

Ningemtaja, lakini bila omena. Atakubali? Mkewe atakubali?

Alhamisi, 13 Juni

Nilimchukua mama mkwe. Kidonda kimepungua, daktari karidhika. Nilipomrudisha, Odongo alikuwa mlangoni. Ufunguo wake alikuwa ameuacha ndani; akanyoosha mkono, nikampa wangu, akaenda zake kutafuta mbao. Nilikuwa nimejiandaa kusema. Sikusema. Nilikunywa uji wa watu nikauliza habari za mahindi.

Mimi mwoga.

Jumapili, 16 Juni

Nimesema. Afadhali nisingesema leo.

Tulikuwa tumemaliza kula kwa Odongo. Nikaieleza fomu polepole, kama ninavyoeleza ngeli kwa Kidato cha Kwanza. Kwamba omena ipande matatu. Kwamba kuna nafasi ya pili, na jina nitakaloandika hapo ni lake. Nahitaji tu nakala ya leseni yake, kwa sababu fomu inataka namba.

Nilidhani hapo atafurahi. Akakunja uso.

"Nyar Muhuru, sasa mimi nimekuwa mgeni kwa hii gari? Ndugu yangu amelala hapo nje kaburini, halafu nionyeshe karatasi ndio nijulikane? Hii gari si ni ya kwetu?"

Ananiita nyar Muhuru, binti wa Muhuru, tangu siku niliyoolewa. Leo aliitamka kama anayenionyesha njia ya kurudi kwetu ziwani. Hasira ikanipanda. Nikasema gari ni langu. Kwa sauti. Mkewe alikuwa anamimina chai, akaacha kikombe nusu.

Nikainuka. Nikaondoka bila kuaga ipasavyo.

Neno lile lilikuwa la kweli lakini lilitoka vibaya. Nimelia barabarani kidogo, nikalazimika kuegesha.

Alhamisi, 20 Juni

Jana mtu wa kanisa aliniletea bahasha. Ndani, ufunguo wa pili. Hakuna barua.

Siku kumi zimebaki.

Jumamosi, 22 Juni

Soko limepita bila Odongo. Gari limekaa uani siku nzima, nikaliosha mpaka chini ya viti. Nimetoa omena za kutosha kulisha paka wa jirani. Sikujisikia mshindi.

Nimefikiria kujaza kama zamani. Letu, sote, dereva yeyote. Nilipe, Atieno angoje muhula mmoja, amani irudi. Nimeifikiria kweli. Kisha nikamkumbuka Atieno mwenyewe, anavyoinama juu ya vitabu vyake, nikaona haya.

Lakini kinachonikera ni kingine. Nilimpa nafasi. Jina lake, pale kwenye karatasi, chini ya langu. Mtu aliyepewa anachokitaka hakasiriki vile. Sielewi.

Alhamisi, 27 Juni

Sasa naelewa.

Nilimfuata mama mkwe asubuhi. Odongo hakuonekana. Tulipopita soko la Rangwe mama alikuwa ameweka mguu juu ya mto, mkoba mapajani. Kisha akasema kwa Kijaluo, taratibu, akitazama mbele: nisimwombe tena Odongo kile kitabu. Hana.

Nikamwuliza kitabu gani. Cha leseni. Hajawahi kuwa nacho. Alijifunzia trekta shambani kwa watu akiwa kijana, akaingia barabarani hivyo hivyo. Mtihani aliuendea mara moja, ukawa wa Kiingereza, akarudi nyumbani akasema mkaguzi hakuwepo. Vizuizi vya polisi anavipita kwa salamu na samaki.

Nikapunguza mwendo.

Miaka mitatu! Ameendesha mbele yangu, ameniendesha mimi, amembeba Atieno. Sikuwahi kuuliza. Nani anamwambia shemeji yake mkubwa, nionyeshe leseni? Ningeonekana askari. Nilimheshimu hadi nikamweka mahali pa hatari, yeye na kila anayevuka barabara ya Rangwe.

Nilipofika nyumbani nikaufungua tena ule mkataba. Dereva yeyote mwenye leseni. Neno hilo limeandikwa hapo, nililisoma kwa macho yangu nikaliruka. Basi bima yangu ya bei ya ukoo haikuwahi kumhusu Odongo hata siku moja. Nilikuwa nalipia adabu. Angemgonga mama wa ndizi, huyo mama angezungushwa maofisini, kampuni ingekuja kunigeukia mimi, na yeye angefungwa.

Nilimkasirikia kwa saa nzima. Kisha nikawaza jinsi swali langu la Jumapili lilivyomwangukia, mbele ya mkewe, mezani kwake. Naye akachagua kuonekana mkali kuliko kuonekana hajui. Nina wanafunzi wa namna hiyo kila darasa. Hao huwa siwachapi.

Jumamosi, 29 Juni

Migori. Barua zote mezani, fomu imejazwa kwa mwandiko wangu. Matumizi ya nyumbani. Sehemu ya kwanza ya hasara juu yangu. Dereva: jina langu.

"Na wa pili?" Bwana Athmani akauliza.

Nikamwambia aiache wazi. Inaweza kujazwa katikati ya mwaka? Akasema inaweza, nitaongeza tofauti tu. Akakata stika, akanipa na kipande cha kitenge, akisema ni cha kufutia machozi. Bei imeshuka chini ya mwaka jana. Karo ya Atieno imesalimika.

Nilipita Rangwe wakati wa kurudi. Odongo alikuwa anafunga ng'ombe. Sikutaja mama, sikutaja kitabu. Kwanza nikaomba radhi kwa sauti niliyoitoa kwake Jumapili ile. Kisha nikasema nafasi ya pili haijaandikwa jina la mtu mwingine yeyote, inangoja namba tu, hata ikichukua miezi. Na mpaka hapo dereva ni mimi peke yangu, hata kama kuna mgonjwa, hata kama kuna msiba. Atakayekwama anitumie mtu, nitakuja mwenyewe.

Akamalizia fundo. Akalifungua, akalifunga upya.

"Shem, ile mtihani," akasema, "bado ni ya Kiingereza?"

Nikamwambia kijitabu ni cha Kiingereza. Lakini mimi nalipwa na serikali kufundisha lugha, na Jumapili sina kazi.

Hakucheka. Hakukataa pia.

Jumapili, 30 Juni

Alikuja baada ya kanisa, kwa matatu, na suti yake ya harusi za watu. Alileta kijitabu cha sheria za barabarani, kipya, bado kina bei nyuma. Alikinunua lini sikuuliza.

Tulisoma alama kumi na nne. Mimi namtafsiria, yeye anarudia, na mahali fulani ananisahihisha, kwa sababu barabara anaijua kuliko mimi. Majina tu ndiyo hakuwa nayo.

Kwenye mtihani kuna ubao wenye mji mdogo uliochorwa, na mtahiniwa anasogeza kigari cha kuchezea huku mkaguzi anauliza kwa Kiingereza. Hilo ndilo lililomfukuza mara ya kwanza, amekiri leo. Nikachora mji kwa chaki juu ya meza ya kulia. Mzunguko mmoja, makutano mawili, kivuko cha shule. Nikampa kiberiti kiwe gari lake, mimi nikachukua kingine.

Mtu mwenye mvi, miwani ya kuazima puani. Akakisukuma kiberiti chake kwa kidole kimoja hadi kwenye makutano, akakisimamisha kabla ya mstari. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama tena kulia. Gari pekee mjini lilikuwa langu, na nilikuwa nimeliegesha.

Akangoja hata hivyo.