Picha ya Pili ya Kitabu cha Ubatizo

Jumanne, 9 Machi 1999
Jilo amelisema hadharani. Mbele ya wazee, kwenye kikao cha kupima upya mashamba ambayo mafuriko yalifuta mipaka yake. Ati baba yangu, Galgalo, si mwana wa Bonaya. Ati aliokotwa wakati wa njaa, akalelewa tu, kwa hivyo shamba la mtoni si letu. Jilo! Mtoto wa Dukicha, mdogo wake baba. Amekula kwetu mpaka akaota ndevu. Wazee wametaka ushahidi. Baba alitazama mtoni. Mimi nikasema nitauleta.

Jumamosi, 13 Machi
Nimempigia Nyale simu kutoka Garsen. Tulifundisha pamoja hapa Idsowe. Sasa anasoma Ulaya, mji uleule ambako wamisheni walipeleka kitabu chetu cha ubatizo. Atauingiza ukurasa wenye jina la baba kwenye kompyuta. Nilidhani baba atafurahi. Ati niachane na vitabu vya wazungu, vilishaoza. Uzee huu!

Jumapili, 4 Aprili
Pasaka. Diski ilifika, na jana nilichapiwa Malindi. Nyeusi na nyeupe, inasomeka vizuri: Galgalo mwana wa Bonaya. Mstari wa chini yake: Dukicha mwana wa Bonaya. Basi!

Leo baada ya ibada nikawapa wazee. Mmoja akauliza kama kompyuta haiwezi kutunga. Nikamjibu kwamba kompyuta haina shamba Idsowe. Watu wakacheka. Wazee wakaichukua wakaiweka kwenye faili lao. Jilo akasimama, akaomba radhi mbele ya kanisa zima, sauti inamkatika. Ningeweza kumwambia inatosha. Sikutaka. Nilimwacha mpaka mwisho, na nilifurahi.

Baba alitoka nje kabla Jilo hajamaliza. Alisema ni joto.

Jumatano, 14 Aprili
Bahasha kutoka kwa Nyale. Anasema ile ya kwanza haikumridhisha, kwa hiyo amerudi kuipiga tena, safari hii kwa rangi. Zawadi kwa mzee.

Zawadi!

Wino wa mmisheni umegeuka kahawia, ukurasa mzima. "Galgalo", kahawia. "Mwana wa", kahawia. "Bonaya" — bluu. Kwa Dukicha ni kahawia mpaka mwisho. Kwenye ile ya kwanza yote yalikuwa meusi tu, ungejuaje? Na hiyo B, yenye tumbo kubwa na mkia, ninaijua. Ndiyo iliyotia sahihi ripoti zangu zote za shule. Baba alikuwa karani wa kanisa kabla sijazaliwa. Kabati la vitabu vya kanisa alifungua yeye. Mahali palikuwa pameachwa wazi, akapajaza.

Nina uchungu. Si kwa kuokotwa, kuokotwa si kosa. Ni kwa kuninyamazia, akaniacha nimdhalilishe Jilo aliyekuwa anasema kweli. Na hao wengine nao! Mtoto alelewe kwenu, alime nanyi, awazike wazee wenu, halafu jina la aliyemlea alazimike kuliiba.

Alhamisi, 15 Aprili
Sikula. Baba naye hakula. Hatuongei.

Jumamosi, 17 Aprili
Jilo yuko nje, anakunywa chai. Posta walimwambia nimepokea picha nyingine. Amekuja kwa adabu mpaka ninaona haya. Anataka naye atengeneze nakala, jina la marehemu baba yake liko humo, atalitundika ukutani.

"Dada Sarah, ile ya kwanza wazee wamekaa nayo, hata sikuishika," alisema. "Hii nipe niione tu."

Nikamwambia ngoja niitafute. Kuitafuta! Iko hapa, chini ya daftari hili ninaloandikia. Sijui niseme nini. Niseme imeloa? Niseme panya? Anakohoa tena huko nje.

Baba amelala upande wa pili wa pazia. Amesikia yote. Ameniita polepole.

"Mpe, mama. Ni baba yake."

 Kisha akauliza:

"Hiyo ya sasa — ina rangi?"