Pikapu Uani, Mimi Ndani

Jumatatu, 8 Mei 2023
Eda imebakiza siku kumi na tisa. Leo tena nimekaa dirishani, naitazama pikapu inanyeshewa uani. Tangu Salum wangu azikwe Januari haijawashwa. Ufunguo aliuchukua mdogo wake, Yunusu, siku ya hitma. Hajaurudisha. Kadi ya gari ina jina la Salum, lakini bangili zilizouzwa kuinunua ni zangu! Nikitoka eda, hiyo ndiyo ya kunipeleka na kanga zangu magulioni, Kanazi na Ntobeye. Bila hiyo nitakula nini? Nimemwomba Yunusu aje walau aiwashe kidogo, betri itakufa. Kasema: mjane aliye eda hana kazi na gari.
Haya.

Jumatano, 10 Mei
Jirani yangu Esperansia kamleta kaka yake, Philbert, fundi magari. Mwanaume asiye maharimu haingii humu, basi kakaa juu ya ndoo nje ya ua, mimi nimelala chali chini ya usukani — mtu mzima na eda yangu! — ananielekeza kupitia nafasi za mabanzi ya ua. Waya upi, na upi. Nimemuuliza mara tatu. Yeye: "Pore pore, mama, usikurupuke." Cheche! Nikapiga yowe. Halafu — imewaka. Ikakohoa kama Salum alfajiri. Nimelia palepale, kwenye kiti chake.

Jumamosi, 13 Mei
Leo nimeiwasha peke yangu. Nasubiri mashine ya kusaga ya pale kona ianze kelele zake, ndipo naunga waya. Dakika kumi, nazima. Hakuna aliyesikia. Ila usukani umejifunga, haugeuki kushoto wala kulia. Inanguruma, haiendi popote. Kama mimi tu.

Jumanne, 23 Mei
Sauda, mke wa Yunusu, kaniletea ndizi. Hakunitazama usoni. Nikambana, akasema: Yunusu kapata mteja, Frednand wa Biharamulo, na anataka kuiuza kabla sijatoka eda. Kaniomba nisimtaje. Nimekasirika! Wakinikuta nimeshatoka, nitasimama mbele ya kadhi, nitasema. Humu ndani nimwambie nani? Kuvunja eda siwezi. Ya Salum nitaimaliza.

Alhamisi, 25 Mei
Wamekuja! Bila taarifa. Ndiyo kwanza nimeizima, nikasikia geti. Nikachomoa waya mmoja, nikakimbilia ndani, nikajifungia. Waya nimeufunga kwenye pindo la kanga.
Nikachungulia. Yunusu kaingiza ufunguo. Kimya. Tena. Kimya. Kasema ni betri tu, gari limekaa miezi minne bila kuwashwa. Frednand kaweka mkono kwenye boneti, kautoa haraka.
"Miezi minne? Mbona la moto?"
Yunusu kageuka, kalitazama dirisha langu.
Sasa yuko mlangoni, anagonga kwa kiganja. Frednand kasema hanunui gari asilolisikia likinguruma. "Shemeji, toka uje uliwashe! Mgeni ana haraka."
Nimemjibu nikiwa hapahapa kitandani, daftari mapajani: mjane aliye eda hana kazi na gari, shemeji. Zimebaki siku mbili.
Hajaondoka — miguu yake naiona chini ya mlango.