Uzi Chini ya Chipu

Kwamndolwa, Jumanne

Siku tatu nalaumu chipu za kumbukumbu nilizoiongezea mwenyewe hii kompyuta ya zamani. Kioo cheusi tu. Mama Rehema, mke wangu, alishasema isipowaka leo meza anaichukua, aweke cherehani yake.

Jioni akaja na miwani ya kushonea, akainama. "Mwalimu, na huu uzi umeuweka wewe?"

Uzi mweupe ulikuwa umebanwa chini ya chipu, miguu yake miwili haijaingia kwenye matundu yake. Umetoka kwenye kitambaa alichofuma mwenyewe, anachoifunikia kompyuta kila nikiiacha wazi.

Nikautoa, nikabonyeza chipu, ikawaka. Meza imebaki yangu.

Habari ya kitambaa sikuigusa. Bila macho yake ningekuwa bado nahangaika. Nimegeuka kuchukua daftari hili, kompyuta imeshafunikwa. Kitambaa kilekile.