Kodi ya Shamba la Kasokola

Baba yangu,

Shikamoo. Mama naye shikamoo. Hamjambo nyie wote hapo Kasokola? Kifua cha mama kimetulia, au bado anajifanya mzima ili asikose kwaya? Mimi huku Kanada ni mzima, ila baridi yao haina adabu. Navaa soksi mbili mbili na bado vidole vinauma.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu ungenikatisha, nakujua.

Si unakumbuka chuo kilivyonibana? Walitaka karatasi za kodi za wazazi, wahakikishe kwamba kweli nyumbani hatuna uwezo, la sivyo msaada wa ada unakatwa na mimi nafunga virago. Nikampigia kaka Ezekieli: "Mwambie baba atume karatasi za kodi, haraka!" Ukaenda mpaka mjini stesheneri, wakaskani, ukatuma.

Nikazifungua mbele ya mama mmoja wa ofisi ya ada. Kumbe mkataba wa kukodi shamba! Nilicheka, baba, nisamehe. Nikasema moyoni, mzee huyu jamani, nimemwomba kodi ya serikali, yeye kanitumia kodi ya shamba. Ila kosa ni langu, neno lenyewe ni moja.

Yule mama akaomba nimsomee kwa Kiingereza. Nikaanza kwa mbwembwe. Ekari tatu. Kusini limepakana na kwa Mama Dorika. Mashariki kichuguu. Kona ya juu, kisiki cha mninga. Hapo nikarudia mstari huo. Si ndicho kisiki kilichoning'oa jino nikiwa darasa la pili? Hilo ni shamba letu! Mwenye shamba: Mzee Sudi wa duka la pembejeo. Anayekodi: wewe.

Na uliniambia nauli ya ndege imetoka kwenye karanga. Karanga gani hizo, baba? Nililia pale pale ofisini kama mtoto. Na hasira nilikuwa nazo, sikufichi. Ungeniambia ukweli ningekataa kuja, nadhani ndiyo maana ulinyamaza. Lakini mficha maradhi, kilio humuumbua.

Basi mkataba huo huo ndio ulionisaidia. Niliwaeleza kwamba hujawahi kuwa hata na namba ya mlipakodi, na kwamba sasa unakodi ardhi uliyoiuza. Wakataka na barua ya mtendaji wa kijiji, kaka akaituma. Wamekubali. Nasoma mpaka nimalize.

Msalimie kaka na wifi yangu, na bibi mzaa mama. Mama mwambie ana kesi na mimi, maana sahihi yake nimeiona pale kwenye mashahidi. Na Mzee Sudi mpe salamu zangu za heshima. Mwambie lile shamba asimuuzie mtu mwingine. Mnunuzi yupo, anamalizia shule kwanza.

Ni mimi binti yako,
Leokadia